Kisafisha Ncha chenye Mota: Mambo ya Kupima Kabla ya Kutoa Fedha

Katika vibanda vya mafundi wa simu na redio, na sasa hata kwenye meza za wanafunzi wa vyuo vya ufundi, kinaonekana kifaa kidogo chenye umbo la kisanduku, kilicho na tundu mbele na brashi ndani. Fundi akiingiza ncha ya chuma chake cha kulehemu kwenye tundu hilo, brashi huanza kuzunguka zenyewe, uchafu hukwanguka, na ncha hutoka iking'aa. Katika somo hili tunakiita kisafisha ncha chenye mota. Wauzaji hukinadi kwa madai mawili: kwamba huongeza umri wa ncha, na kwamba huokoa muda wa fundi. Madai hayo yaweza kuwa kweli, na yaweza pia kuwa kinyume kabisa cha kweli, kutegemea brashi zilizomo, namna kifaa kinavyotumiwa, na mahali zinapoangukia taka zinazokwanguliwa. Jambo hilo la mwisho halitajwi kwenye matangazo, nasi tutalikalia zaidi kuliko mengine.

Tunamwandikia mlaji anayetaka kutoa fedha zake mwenyewe: fundi wa kibanda, mwalimu anayenunulia karakana, au mtu anayetengeneza vifaa vyake nyumbani. Asiyelehemu kabisa, lakini anaishi au anakula karibu na anayelehemu, naye anayo sehemu yake humu.

Ncha ni nini, na huharibikaje

Wengi huidhani ncha kuwa kipande cha chuma kitupu. Sivyo ilivyo. Kiini chake ni shaba nyekundu, kwa kuwa shaba hupitisha joto upesi. Lakini shaba ikiguswa na lehemu iliyoyeyuka huliwa: bati lililomo katika lehemu huiyeyusha shaba kidogo kidogo na kuichukua. Kwa sababu hiyo watengenezaji huifunika shaba kwa tabaka la chuma, ambalo bati hulila polepole zaidi. Tabaka hilo ni jembamba, halifiki milimita moja, na ndilo hasa analolilipia mnunuzi wa ncha. Likitoboka mahali pamoja tu, lehemu hupenya hadi kwenye shaba, shimo hupanuka kwa muda mfupi, na ncha haina dawa tena. Kuisugua ncha ya namna hii kwa tupa au msasa ni kuitupa kabla ya wakati wake. Desturi ya kupiga tupa tumeirithi kutoka enzi za ncha za shaba tupu, ambazo kweli zilihitaji kuchongwa upya mara kwa mara. Ncha za leo si hizo.

Adui mwingine ni joto lenyewe. Ncha hufanya kazi, kwa kawaida, kati ya nyuzi 300 na 400 za Selsiasi. Katika joto hilo bati na chuma huungana na oksijeni ya hewani na kufanya ukoko, na dawa ya kulehemu, ambayo mafundi huiita flaksi, huungua na kuacha weusi. Ncha iliyoshika ukoko haipokei lehemu. Lehemu huviringika juu yake na kudondoka kama tone la maji juu ya jani la gimbi, na joto haliendi tena kwenye kiungio. Fundi huongeza moto, na ukoko nao huongezeka. Kisha huikandamiza ncha kwenye bodi, hadi kijia cha shaba kilichobandikwa juu ya bodi kibanduke, na simu iliyoletwa kwa tatizo la chaji ikaondoka haina chaji wala sauti.

Tatizo hili limekua tangu lehemu isiyo na risasi ilipoenea. Lehemu ya zamani, yenye bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, huyeyuka kwenye nyuzi 183. Umoja wa Ulaya ulizuia matumizi ya risasi katika vifaa vingi vya elektroniki kuanzia Julai 1, 2006, na watengenezaji wengi duniani wakafuata mkondo huo. Lehemu inayotumika sana badala yake ni bati lililochanganywa na fedha asilimia 3 na shaba nusu asilimia. Hiyo huyeyuka kati ya nyuzi 217 na 220. Fundi hulazimika kutumia joto kubwa zaidi, na kwa kuwa lehemu hiyo karibu yote ni bati, tabaka la chuma la ncha nalo huliwa upesi zaidi.

Hapa pana jambo la lugha ambalo hatuwezi kulipita. Mafundi wetu wengi huiita lehemu yoyote "risasi", iwe ina risasi au haina. Jina hilo lina historia yake na hatulidharau, ila dukani humponza mlaji: anayeomba "waya wa risasi" hupewa wowote ulio karibu na mkono wa muuzaji. Soma lebo iliyobandikwa kwenye gurudumu la waya. Sn ni bati, Pb ni risasi yenyewe, Ag ni fedha, Cu ni shaba. Ukiona Pb, basi kila kitakachokwanguliwa kutoka kwenye ncha yako kina risasi ndani yake.

Sponji, nyuzi za shaba, na mota

Njia ya kale ni sponji yenye unyevu. Ni rahisi, na ikitumiwa vizuri haina ubaya mkubwa. Vizuri maana yake ni sponji iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, iliyoloweshwa kisha ikakamuliwa, si ile ya kuoshea vyombo, ambayo huyeyuka na kuigandia ncha. Kasoro yake ni kwamba maji huipoza ncha ghafla, kisha ncha hupanda joto tena, mara mia kwa siku, na tabaka la chuma huchoshwa na kutanuka na kusinyaa huko. Mahali penye maji ya chumvi, kama visima vingi vya pwani, chumvi hubaki kwenye ncha na kuwa uchafu mpya. Tumia maji safi yasiyo na chumvi. Anayeambiwa atumie "maji ya betri" awe mwangalifu, kwani madukani jina hilo hutumiwa kwa maji yaliyosafishwa na pia kwa asidi.

Njia ya pili ni nyuzi za shaba ya njano zilizosokotwa, zinazofanana na stilwaya ya kusugulia sufuria, zikiwa ndani ya kikopo. Fundi huchoma ncha ndani yake mara mbili tatu, basi. Haziipozi ncha kama sponji, hazihitaji maji wala umeme, na shaba ya njano ni laini kuliko tabaka la chuma la ncha, hivyo huondoa uchafu bila kulikwangua sana tabaka lenyewe.

Ya tatu ndiyo mota. Ndani ya kisanduku kuna brashi moja au mbili. Zikiwa mbili, huzunguka kwa kuelekeana ili zisugue pande zote za ncha kwa pamoja. Karibu na tundu kuna kitambuzi cha mwanga ambacho huiwasha mota ncha inapopita mbele yake na kuizima ncha inapotoka, au baada ya muda mfupi. Nguvu hutoka kwenye betri ndogo au kwenye adapta. Faida zake ni za kweli: fundi hutumia mkono mmoja tu, ncha husafishwa kwa namna ileile kila mara, na ukoko mgumu unaoshinda nyuzi za shaba huweza kuondoka kwa sekunde moja au mbili.

Lakini sifa hiyohiyo ina upande wake mwingine. Brashi ya mota husafisha mno. Huondoa uchafu, na huondoa pia lehemu yote iliyokuwa ikiifunika ncha, ikaiacha tupu mbele ya hewa ikiwa na joto la nyuzi 350. Ncha iliyo tupu hivyo huanza kushika ukoko mpya papo hapo. Kwa hiyo kila baada ya kusafisha kwa mota ni lazima ncha ivikwe lehemu mbichi mara moja, na kabla ya kurudishwa kwenye kishikio au kuzimwa ivikwe lehemu nyingi kiasi. Fundi anayesafisha kwa mota na kuiacha ncha tupu ataua ncha nyingi kuliko alipokuwa na sponji, kisha atailaumu ncha. Muuzaji asiyekueleza jambo hili ama halijui, ama hataki ulijue.

Usichanganye kifaa hiki na kingine kinachofanana nacho, ambacho badala ya brashi kina magurudumu yenye chembe za kukwarua. Hicho ni cha kung'arisha ncha iliyokwisha kushindikana kwa njia nyingine, na hutumiwa kwa nadra, kwa kuwa kila mguso wake huondoa sehemu ya tabaka la chuma. Huuzwa kwenye rafu hiyohiyo, wakati mwingine kwa jina hilohilo. Uliza kilichomo ndani, na uonyeshwe. Na anayefunga brashi ya waya kwenye drili ili apate kifaa cha bei nafuu, tunamwomba aache leo. Kasi ya drili ni kubwa mno kwa kazi hii, na lehemu iliyoyeyuka itarushwa usoni mwake.

Je, unakihitaji?

Swali hili lingepaswa kutangulia, lakini haliwezi kujibiwa na asiyejua yaliyotajwa juu. Kisafisha ncha chenye mota kilikusudiwa hasa kwa meza za viwandani, ambako mtu mmoja huunganisha viungio mamia kwa mamia kwa zamu moja, akitumia lehemu isiyo na risasi, na ambako kila sekunde inahesabiwa. Karakana ya chuo yenye wanafunzi wengi wanaopokezana meza moja nayo yaweza kunufaika. Fundi wa kibanda anayefungua simu, akaunganisha viungio vichache, kisha akatumia saa nzima kutafuta hitilafu, kwa kawaida hanufaiki kiasi hicho.

Njia ya kujua ni hesabu, na hesabu hiyo haina budi kuingiza brashi za akiba, kwani brashi huisha. Tuchukue mfano wa namba za kubuni, nawe uweke zako. Tuseme kifaa ni shilingi 120,000 na jozi ya brashi ni shilingi 25,000, na jozi moja hudumu miezi mitatu. Mwaka wa kwanza utatumia jozi ile iliyokuja na kifaa, kisha utanunua tatu: jumla shilingi 195,000. Kikopo cha nyuzi za shaba kwa shilingi 5,000, ukikibadilisha kila miezi miwili, ni shilingi 30,000 kwa mwaka. Tofauti ni shilingi 165,000. Ikiwa ncha moja ni shilingi 8,000, kifaa hakina budi kukuokolea ncha 21 katika mwaka huo ndipo kijilipe, bila kuhesabu umeme wala betri. Anayetumia ncha 12 kwa mwaka hawezi kuokoa 21, hata kifaa kiwe kizuri namna gani. Mwaka wa pili hesabu hupungua, kwa sababu kifaa kimekwisha kulipiwa: utanunua brashi za shilingi 100,000 badala ya nyuzi za shilingi 30,000, na ncha za kuokoa zitakuwa tisa. Hizo tisa nazo si chache.

Muda wako pia una thamani, ni kweli. Lakini upime muda unaoutumia kusafisha ncha, si unaoutumia kulehemu. Pengine utashangaa jinsi ulivyo mfupi.

Brashi ndiyo bidhaa

Ukishaamua kununua, usitazame mota kwanza. Mota ndogo za namna hii zinafanana sana. Kinachotofautisha kifaa kimoja na kingine ni nyuzi za brashi.

Kuna za plastiki inayostahimili joto, kuna za shaba ya njano, na kuna za chuma kisichoshika kutu. Za plastiki ni laini na hufaa kwa ncha nyembamba na uchafu mwepesi, lakini zina kikomo cha joto, na muuzaji anapaswa kukuonyesha kikomo hicho kimeandikwa. Ncha ikikawia humo, nyuzi huyeyuka na kuigandia. Pia nyuzi za plastiki zinazosugua kwa kasi huweza kuzalisha umeme tuli, unaodhuru vipuri vidogo vya bodi, hasa chuma cha kulehemu kisipokuwa na waya wa ardhi. Za chuma kisichoshika kutu hukwangua kwa nguvu na kudumu sana, na kwa sababu hiyohiyo hulila tabaka la ncha. Kwa kazi ya kila siku za shaba ya njano ndizo tunazozipendekeza.

Ugumu ni kujua kama brashi, au hata nyuzi za kikopo, kweli ni za shaba. Chuma kilichopakwa rangi ya shaba ni rahisi kuliko shaba, nacho huuzwa kwa jina lake. Nenda dukani na sumaku ndogo, hata ile ya spika mbovu. Shaba ya njano haivutwi na sumaku. Brashi ikivutwa, si shaba, na mjadala umekwisha. Isipovutwa, hilo peke yake si uthibitisho, kwani aina fulani za chuma kisichoshika kutu nazo hazivutwi. Hapo omba kukwangua uzi mmoja kwa kisu: shaba ni ya njano hadi ndani, na kilichopakwa rangi huonyesha weupe.

Swali linalofuata ni la akiba. Brashi mbadala zinapatikana hapa mjini, au huagizwa kwa meli? Hufungwaje? Baadhi ya vifaa vina mhimili wa umbo lake pekee, na mtengenezaji akiacha kuzileta brashi hizo, kisanduku kizima kinakuwa pambo la meza. Tunashauri ununue jozi mbili za akiba siku ileile unayonunua kifaa. Muuzaji asipokuwa nazo, amekwisha kukujibu.

Taka zinaenda wapi

Lehemu inayofutwa kwenye sponji hubaki kwenye sponji. Inayochomwa kwenye nyuzi za shaba huanguka chini ya kikopo ikiwa matone na vipande. Brashi ya mota hufanya jambo jingine: huipasua lehemu kuwa vitone na unga mwembamba, na kuurusha. Kifaa kizuri huuelekeza unga huo chini, kwenye trei iliyofungwa. Kifaa kibaya huuleta juu ya meza, kwenye mikono na kifua cha fundi, na kwenye sahani ya chakula iliyoletwa na mama ntilie saa saba mchana.

Watu wengi huuogopa moshi wa kulehemu kwa kudhani ndio unaobeba risasi. Moshi huo hasa ni wa flaksi, nao una madhara yake, kwani utomvu wa msonobari unaotumiwa kutengenezea flaksi nyingi hujulikana kusababisha pumu kwa wanaouvuta kazini kwa muda mrefu. Fungua dirisha, weka feni ya kuuvuta mbali na uso. Lakini risasi, kwa joto la kawaida la kulehemu, haigeuki mvuke kwa kiasi kikubwa. Njia yake kuu ya kuingia mwilini kwa fundi ni mkono uliogusa waya, meza au vumbi, kisha ukagusa mdomo, chakula au sigara. Ndiyo maana fundi anayevaa barakoa siku nzima na kula mihogo bila kunawa amejilinda upande mmoja tu.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto ndio hudhurika zaidi, kwa sababu miili yao hufyonza sehemu kubwa zaidi ya risasi wanayoimeza na kwa sababu ubongo wao bado unakua. Madhara yake kwenye akili na tabia huweza kubaki maisha yote. Mama mjamzito huweza kuipitisha kwa mtoto aliye tumboni. Sasa tazama kibanda cha kawaida: upana wa hatua tatu, mtoto aliyetoka shule amekaa kwenye kigoda akimsubiri baba yake, begi lake liko chini ya meza. Nguo za fundi hurudi nyumbani na kufuliwa pamoja na za mtoto. Hatusemi haya ili kumtisha mtu aache kazi yake. Tunayasema kwa sababu mlaji anayelinganisha vifaa viwili vya mota kwa bei tu huenda akachagua kile kisicho na kifuniko, na tofauti ya bei ikawa ni kifuniko chenyewe.

Kwa hiyo, dukani, angalia haya kwa macho yako. Tundu la kuingizia ncha liwe dogo na liwe na kinga ya mpira, kitambaa cha kuzuia moto au bati, ya kuzuia cheche. Brashi mbili zizunguke kuelekea chini pale zinapokutana, ili zitupe taka ndani na si kwa mtumiaji. Trei itoke bila kukilaza kifaa upande, na isiwe na nyufa. Kisanduku kisiwe na matundu ya hewa yanayotazama usawa wa uso.

Ukiwa nacho nyumbani au kibandani, vaa miwani ya kinga wakati wa kukitumia. Tone moja la lehemu ya moto kwenye jicho linatosha. Trei imwage kabla haijajaa, mota ikiwa imezimwa na adapta imechomolewa. Usiipulize kwa mdomo wala kwa blowa. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, tia kitambaa na taka katika mfuko mmoja, ufunge, na uutenge na taka za jikoni. Wapo wanunuzi wa taka za kielektroniki wanaopokea lehemu chakavu. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, maana kitakasa mikono cha spiriti hakiondoi metali. Chakula kiliwe nje ya meza ya kazi. Shati la kazi libaki kazini.

Anayetumia lehemu isiyo na risasi ana unafuu, ila asijidanganye. Simu na redio za zamani anazozifungua huenda ziliunganishwa kwa lehemu yenye risasi, na ncha yake huibeba kutoka huko.

Umeme na jaribio la dukani

Hapa tutakuwa wepesi. Umeme wetu ni volti 230. Adapta iliyoandikwa 100–240V inafaa. Iliyoandikwa 110V au 120V peke yake itaungua. Plagi iwe ya miguu mitatu ya bapa, bila kulazimishwa kwenye soketi kwa kijiti cha kiberiti. Cha betri ni salama zaidi katika meza iliyojaa nyaya na chuma cha moto, na hakisimami umeme ukikatika, ingawa umeme ukikatika chuma chako cha kulehemu nacho huwa kimezimika.

Kijaribu mbele ya muuzaji kwa penseli ya mbao, kamwe si kwa kidole. Ingiza penseli polepole: mota iwake yenyewe, na izime unapoitoa. Rudia mara kumi. Kama kibanda chako kiko wazi, kitoe kifaa nje ya duka na ujaribu tena juani, kwani jua kali huweza kukichanganya kitambuzi, mota ikawaka bila sababu au ikakataa kuwaka. Sukuma kisanduku kwa kidole kimoja: kikiteleza mezani, kitateleza pia unapokiingizia chuma cha moto, nawe utaunyoosha mkono wa pili kukishika. Sikiliza mlio. Mlio wa kugonga maana yake mhimili umepinda.

Risiti na dhamana

Mweleze muuzaji kwa maneno bayana kazi unayoitaka: kwamba unasafisha ncha nyembamba za simu, kwa mfano, na joto unalotumia. Hayo si mazungumzo tu. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi aliyemjulisha muuzaji matumizi anayoyakusudia, akategemea ujuzi wake katika biashara hiyo, ana haki ya kupata bidhaa inayofaa kwa matumizi hayo. Nayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, na brashi ya chuma iliyouzwa kama shaba ni upotoshaji wa wazi.

Dai risiti ya EFD, na hakikisha imeandika jina la kifaa na si neno "vifaa" tu. Kama kuna dhamana, iandikwe muda wake na iseme kama mota imo. Brashi kwa kawaida hazimo, nasi tunaona hilo ni haki. Kifaa kikikufia ndani ya muda huo, usikifungue mwenyewe, hata kama wewe ni fundi na mikono inakuwasha. Kipeleke kilivyo, pamoja na risiti na boksi lake. Ukikataliwa, andika tarehe, jina la duka na jibu ulilopewa, piga picha ya kifaa na lebo yake, na ulete malalamiko ofisini kwetu. Sumaku uliyoipimia brashi ije nayo.